Expo 2025 Osaka: maswali ninayoulizwa kila nikisema nilikwenda

Tangu maonyesho yafungwe Oktoba 13, 2025, simu yangu haijapumzika. Ndugu, jamaa, magrupu ya Watanzania wa huku Japani, na siku hizi hata watu wa Muscat na Dubai ambao wameshaanza kuipigia hesabu Riyadh, itakakofanyika Expo kubwa ijayo mwaka 2030, wote wananiuliza yaleyale. Nimechoka kurekodi sauti za dakika nane nane, ndiyo maana nimekaa kitako nikaandika. Mimi ni mtu wa Tanga, naishi Kobe mwaka wa tisa sasa, na nilikwenda mara sita. Tatu kati ya hizo nilikuwa na mama yangu mdogo, aliyekuja kunitembelea mwezi Mei. Mtamsikia sana humu, kwa sababu mimi nilikuwa natazama ramani wakati yeye anatazama vitu.

Hiyo Expo ni nini hasa? Ni kama Sabasaba?

Ukiwa umezoea Sabasaba pale Barabara ya Kilwa, umeshaelewa nusu: mabanda, wageni, vumbi la miguu, mtoto aliyepotea anatangazwa kwenye kipaza sauti. Nusu ya pili ni tofauti. Sabasaba mtu anatoka na ndoo, blenda na godoro la bei ya maonyesho. Expo kilichowekwa sokoni ni jina la nchi. Kila taifa linajenga banda lake, linajipamba, linasema mimi ndiye huyu.

Mambo haya yalianza London mwaka 1851. Siku hizi yanasimamiwa na ofisi ya kimataifa iliyoko Paris, na yale makubwa hufanyika kila baada ya miaka mitano, miezi sita mfululizo. Osaka iliwahi kuyaandaa mwaka 1970, wakaja watu zaidi ya milioni 64. Safari hii yalifanyika Yumeshima, kisiwa kilichotengenezwa kwa kufukia bahari, nchi na maeneo 158 yakashiriki. Jina Yumeshima maana yake kisiwa cha ndoto. Ukisimama kwenye foleni ya choo saa saba mchana, jina hilo unaliona kama dhihaka.

Kweli kulijaa kiasi hicho?

Mwanzoni hapana. Aprili magazeti ya hapa yalikuwa yanacheka: tiketi haziuziki, mabanda mengine hayajakamilika, siku ya ufunguzi mvua na upepo. Mimi mwenyewe nilikwenda wiki ya pili nikatembea kwa raha zangu. Halafu watu wakaanza kusimuliana, na Wajapani wakishaanza kusimuliana kuhusu kitu kinachokaribia kwisha, basi tena. Septemba siku moja ilikuwa inapokea zaidi ya watu laki mbili. Hadi wanafunga, wageni wa tiketi walikuwa wamepita milioni 25 kwa siku 184.

Ila msongamano wenyewe si ule tunaoujua sisi. Nilikuwa naunganisha treni kituo cha Bentencho, nashika njia ya reli iitwayo Chuo hadi kituo cha mwisho, na pale watu elfu kadhaa wanapanda ngazi pamoja bila mtu kusukuma wala kupiga mluzi. Unasikia soli za viatu tu, na vijana wenye vibao wanaosema usikimbie, tafadhali usikimbie. Na kweli hakuna anayekimbia. Wanatembea ule mwendo wa mtu aliyebanwa haja, hatua fupi, magoti hayakunjiki, na ukizubaa bibi wa miaka sabini anakupita.

Foleni zilikuwa ndefu kiasi gani?

Hapa ndipo penye maneno. Waandaaji walikuwa wameahidi, kwa maneno yao wenyewe, Expo isiyo na foleni. Kila kitu kingefanywa kwa simu. Ahadi hiyo ikageuka kuwa mzaha wa mji mzima.

Banda la Italia ndilo lililovunja rekodi zangu. Nilijipanga saa nne asubuhi, mwezi Septemba, nikaingia ndani karibu na saa tisa alasiri. Wakati huo nimeshawajua majirani zangu wa foleni: mama mmoja na binti yake kutoka Nagoya, na mzee aliyekuja na kiti chake cha kukunja, feni ya shingoni, mwavuli wa jua na kitabu cha mafumbo. Mama wa Nagoya akienda chooni tunamshikia nafasi, akirudi anatuletea pipi za chumvi. Hapakuwa na mtu wa kuandika majina kwenye karatasi kama benki zetu za zamani, wala aliyekuja mbele akisema "mimi nilikuwa nyuma ya huyu dada."

Kiti cha kukunja ndiyo siri. Mama mdogo alikiona siku ya kwanza tu, akaniuliza, "Hao wenye vigoda wamevipata wapi?" Kesho yake tukanunua chake, cha bluu, kinakunjika kama mwavuli. Akawa anakaa, mstari ukisogea anainuka na kigoda chake hatua nne, anakaa tena, tasbihi mkononi. Akaniambia foleni ya namna ile ni sawa na kungoja maiti itoke: kila mtu mpole, na hakuna anayeuliza itatoka saa ngapi.

Sasa ule utaratibu wa kuweka nafasi ulikuwaje? Nimesikia kulikuwa na bahati nasibu.

Kulikuwa. Ukishanunua tiketi unachagua siku na saa ya kuingia getini. Kisha unaingia kwenye bahati nasibu ya mabanda miezi miwili kabla, unataja matano unayoyataka. Ukikosa kuna bahati nasibu nyingine siku saba kabla. Ukikosa tena, siku tatu kabla, saa sita ya usiku, nafasi zilizobaki zinafunguliwa kwa atakayewahi. Ukikosa hiyo nayo, subiri uingie, na dakika kumi baada ya kupita getini simu yako inakuruhusu kujaribu nafasi za siku hiyohiyo. Ndiyo maana ukiingia tu unakuta watu mia tatu wamesimama wima kama milingoti, vichwa chini, wanagonga vioo.

Mimi katika mara sita nilishinda mbili. Wapo walionunua tiketi mapema, wakangoja wapungukiwe na shughuli, na mwishoni siku zote zikawa zimejaa. Wana tiketi hadi leo, ya kuingia mahali pasipokuwepo.

Banda gani lilikuvutia kuliko yote?

Nitasema kwanza lililonichosha: karibu yote makubwa. Unangoja saa mbili, unaingizwa chumba cha giza, ukuta mzima unawaka, muziki mzito, sauti inakwambia sisi sote ni kitu kimoja na bahari na nyota, mlango unafunguka, uko dukani. Baada ya la tano huwezi tena kukumbuka nyota zile zilikuwa za nchi gani. Mama mdogo alitoka kwenye moja (nchi sitaitaja, wana pesa) akaniuliza, "Tumelipa nauli yote hii kuja kutazama sinema?"

Vilivyobaki kichwani ni vitu vya kushikika, au vya kuonekana kwa macho bila umeme.

Bahrain, kwa mfano. Jengo lao lilichorwa na Lina Ghotmeh, Mlebanoni anayefanya kazi Paris, na limeundwa kwa vipande vya mbao kama elfu tatu vilivyoungwa kwa ufundi unaotokana na uundaji wa majahazi. Kwa nje unaona mbao nyeupe zimepangana. Ukiingia ukiinua macho, uko ndani ya jahazi. Mama mdogo alisimama katikati ya watu, shingo nyuma, akasema kwa sauti, "Haya mataruma haya! Hebu tazama." Yaani zile mbavu za chombo. Babu yake alikuwa na hisa kwenye chombo, enzi zile majahazi ya Ghuba yakija na kaskazi, yanashusha tende na chumvi, yanaondoka na boriti za mikoko. Akawa anamweleza kijana mhudumu wa banda, Kiswahili na Kiarabu cha madrasa vikichanganyika, kwamba boriti za mapaa ya nyumba zao za kale zilitoka kwetu. Kijana akaitikia kwamba hilo analijua, alishalisikia kwao. Tulikaa pale nusu saa. Foleni yake ilikuwa dakika kumi na tano!

Umoja wa Falme za Kiarabu nao walinishangaza, kwa sababu ni watu niliodhani wataleta dhahabu. Wameleta makuti. Nguzo 90, ndefu zaidi zikifika mita 16, zote zimefungwa kwa pongoo za mtende, yale makuti yanayokatwa shambani kila mwaka yakatupwa. Unaingia bila kupangiwa nafasi, unatembea katikati ya nguzo kama mtu aliye shambani. Mama mdogo alizipapasa moja baada ya nyingine, akakagua jinsi zilivyofungwa. Hukumu yake: kazi safi, ila fundi wa Tanga angeweza.

Marekani walileta jiwe la mwezini, lililochukuliwa na Apollo 17. Ni dogo, liko ndani ya kioo, mnapitishwa haraka. Lakini mbele yangu alikuwepo mzee wa Kijapani aliyenieleza kwamba mwaka 1970, akiwa darasa la nne, baba yake alimleta Expo kuona jiwe la mwezini la wakati ule, la Apollo 12. Foleni ilikuwa ndefu, baba akakata tamaa, wakala aiskrimu wakarudi nyumbani. Amelingoja miaka 55. Alipofika mbele ya kioo aliinama kidogo, kama mtu anayesalimia, mhudumu akamwacha muda mrefu kuliko sisi wengine.

Na Italia? Baada ya saa zote zile? Ndani kuna Atlasi wa Farnese, sanamu ya marumaru ya enzi za Warumi, amebeba tufe la mbingu mabegani, na kuna mchoro wa Caravaggio wa Yesu akiteremshwa kaburini, ulioletwa kutoka Vatikani. Vitu vyenyewe, si picha zake. Goti la Atlasi limekunjwa, mshipa wa shingo umetuna, uso ni wa mtu aliyebeba mzigo kweli. Na mimi nilikuwa nimesimama tangu saa nne. Tulielewana.

Banda la Tanzania lilikuwaje?

Kwanza muelewe kwamba nchi nyingi hazikujenga jengo lake. Zilipangwa pamoja kwenye kumbi zilizoitwa Commons, kila nchi na kibanda chake, mfano wa vibanda vya soko. Tanzania ilikuwa humo, Kenya na Uganda vilevile. Watu wengi wanaouliza swali hili huwa wanataka niwaambie kwamba tulionekana wadogo. Ukubwa wa kibanda ni kweli ulikuwa mdogo. Lakini mimi nimezunguka sana, na nasema kumbi zile ndizo zilizokuwa na uhai kuliko mahali popote pale kisiwani.

Sababu ni rahisi. Kwenye banda kubwa mgeni anakutana na skrini. Kwenye kibanda cha mita chache anakutana na mtu. Ukisogea unaulizwa umetoka wapi, unanusishwa kitu, unafundishwa kusema asante. Ndani ya saa moja unapita nchi kumi na tano, nyingine hujawahi hata kuzisikia zikitajwa kwenye mpira.

Kwetu, neno lililokuwa linawavuta Wajapani ni Kilimanjaro. Hapa Japani kahawa ya arabika ya Tanzania huuzwa kwa jina hilo, hata kama imelimwa Mbinga au Mbozi. Rafiki yangu Mmatengo, mtu wa Mbinga, hilo humuuma sana. Basi anakuja baba wa Kijapani, anaona bendera, uso unamfunguka: "Aa, Kirimanjaro!" Anaeleza kwamba anainywa kila asubuhi. Anaonyeshwa kwenye ramani mlima uko wapi, anashangaa kugundua ni mlima, kwa sababu miaka yote alidhani ni jina la kahawa.

Siku ya Tanzania ilikuwa Mei 25, na Kassim Majaliwa, Waziri Mkuu wa wakati huo, alikuja. Watanzania tukatoka Tokyo, Nagoya, Kobe, kila mahali. Mama mdogo alivaa kanga doti nzima. Kwenye foleni ya maji mtoto mmoja wa kike akawa anaikodolea ile kanga, mama yake akaomba ruhusa aiguse, kisha akauliza yale maandishi yanasemaje. Yalisema *Wema hauozi*. Simu ikamtafsiria kitu kama "jambo jema halichachi," akacheka mpaka akafunika mdomo. Mama mdogo akacheka naye, ingawa hakujua kwa nini wanacheka.

Ile habari ya mihuri ni ipi? Naona picha za vitabu vimejaa mihuri.

Ugonjwa! Kila banda lina muhuri wake, na watu wananunua kijitabu mfano wa pasipoti wanaenda kugonga. Wajapani wana desturi hiyo tangu zamani, vituo vya treni vina mihuri, mahekalu yana yake. Expo ikawa homa. Nilimwona mtu akiingia kibanda cha nchi, kugonga, kutoka, sekunde ishirini, hajainua macho kutazama ni nchi gani. Mabanda mengine yakaamua kutoa muhuri nje ya mlango ili wagongaji wasizibe njia.

Mama mdogo alianza kwa kuwacheka. Alipoondoka alikuwa na mihuri 41, na alinilaumu kwamba ya Bahrain tuliigonga ikatoka hafifu.

Yule mdudu mwenye macho mengi ni nani?

Myaku-Myaku, nembo hai ya maonyesho. Mwekundu na buluu, macho kila mahali. Watoto walimpenda mno, maduka yakatajirika. Mama mdogo alipomwona mara ya kwanza getini alisoma Ayatul Kursi.

Lile duara la mbao kwenye picha linahusu nini?

Ndilo lililokuwa jengo kuu, kazi ya msanifu majengo Sou Fujimoto. Mzunguko wake ulikuwa kama kilomita mbili, mbao tupu, nguzo na mihimili iliyopitishwa kwa kutoboleana kama wanavyojenga mahekalu ya kale, wakaongeza vyuma kwa ajili ya matetemeko. Liliingia kitabu cha rekodi cha Guinness kuwa jengo kubwa la mbao kuliko yote duniani. Picha hazilitendei haki.

Ila thamani yake nyingine hamuioni kwenye picha: kivuli. Laki mbili za watu wakikimbia jua au mvua, wote wanaingia chini ya duara, na bado unapata pa kukaa. Na juu yake kuna njia ya kutembea. Jioni unapanda, upande mmoja bahari na jua linazama, upande mwingine mabanda yote yanawaka taa, na muda mfupi kabla ya saa tatu usiku droni kama elfu moja zinapaa kuchora maumbo angani. Hilo halina foleni. Kama ningekuwa na siku moja tu, ningelala juu ya duara.

Chakula je? Halali kilipatikana?

Bei zilikuwa za kuumiza. Bakuli moja la tambi lenye nyama ya ng'ombe wa Kobe, yen 3,850, likawa gumzo la nchi nzima, na bado watu walijipanga kulinunua. Mlo wa kawaida kwenye banda la nchi ulinitoka yen elfu mbili au zaidi. Halali ilipatikana, hasa mabanda ya nchi za Kiislamu, lakini uliza kila mara, usitegemee bendera. Chumba cha kuswalia kilikuwepo.

Jambo ambalo wengi hawakujua ni kwamba chakula cha nyumbani kiliruhusiwa. Marufuku ilikuwa pombe, chupa za kioo na makopo. Sisi tulikuwa na vitumbua, chapati na maharage makavu kwenye hotipoti, tukala chini ya duara kama watu wa treni ya Kigoma. Maji ya kunywa yalikuwa bure kwenye mabomba, beba chupa yako.

Pesa taslimu?

Hazikupokelewa popote. Kadi au simu tu.

Joto na wadudu?

Julai na Agosti usiniulize. Digrii 35, unyevu wa bahari, lami inachemka. Mtu wa Tanga hatishwi na joto, lakini kwetu mtu akiona jua kali anakaa kivulini, hapangi foleni. Wadudu ni wale wadogo wasiouma, walizuka Mei kwa mamilioni kuzunguka duara. Unafungua mdomo kusema, umemeza.

Ni kweli watu walilala humo ndani usiku mmoja?

Kweli, mimi sikuwepo, nilishuhudia kupitia simu za marafiki. Ilikuwa Agosti 13. Umeme wa reli ulipata hitilafu usiku, treni ya Chuo ikasimama, na treni hiyo ndiyo njia kuu ya kutoka kisiwani. Watu kama elfu thelathini wakakwama. Wengine walizidiwa na joto, magari ya wagonjwa yakaja. Mabanda mengine yakafungua milango watu wapate ubaridi, wahudumu wakagawa maji, na kwingine wakapiga muziki, watu wakacheza hadi alfajiri.

Rafiki yangu mmoja alilala kwenye mbao za duara na begi lake kichwani. Anasema ndiyo Expo bora aliyoiona, kwa sababu ndiyo usiku pekee ambao hakuna aliyekuwa anawahi mahali.

Waafrika tulipokelewaje?

Ndani ya maonyesho, vizuri sana. Nje, mwaka huo haukuwa mwepesi. Agosti, kwenye TICAD, mkutano wa Japani na nchi za Afrika uliofanyika Yokohama, JICA, shirika la misaada la serikali ya Japani, lilitangaza miji minne ya Japani iwe "mji wa nyumbani" wa nchi nne za Afrika, na mji wa Nagai ukapewa Tanzania. Nia ilikuwa urafiki na kubadilishana watu. Mitandaoni ikageuka kuwa Waafrika wanaletwa kuhamia, ofisi za miji ile zikajaa simu za malalamiko, na mwishoni mwa Septemba mpango ukafutwa.

Kwa hiyo mwezi uleule ambao watu wanaipigia kelele Nagai, watu wengine wa nchi ileile wamepanga mstari mbele ya kibanda cha Tanzania kujifunza kusema "habari za leo." Mimi nilikwenda wiki ile makusudi. Baba mmoja, shati la ofisini, alikuja akatazama kibanda chote, akagonga muhuri, kisha akasema kwa Kiingereza cha kuhesabu maneno kwamba anasikitika kuhusu Nagai. Hatukujua tumjibu nini. Dada wa kibandani akamwambia, "Karibu Tanzania." Akaandika neno karibu kwenye kijitabu chake, chini ya muhuri.

Tiketi ilikuwa bei gani, na ilistahili?

Mtu mzima siku moja yen 7,500. Jioni tu yen 3,700. Siku za kazi ukiingia kuanzia saa tano asubuhi, 6,000. Watoto wa miaka 4 hadi 11, 1,800. Kwangu mimi ya jioni ilikuwa na thamani mara tatu ya ile ya mchana: jua limepoa, familia zinaondoka, foleni zinakatika.

Pale sasa kuna nini?

Wanabomoa. Utaratibu wa Expo ndio huo, mabanda hujengwa ili yavunjwe. Duara imeamuliwa kubaki kipande cha kama mita 200, na mbao nyingine zimepangiwa kazi, zikiwemo za kujengea nyumba za waliopatwa na tetemeko la ardhi la Noto, hukuhuku Japani. Pembeni hapo kisiwani inajengwa hoteli kubwa yenye kasino, inayotarajiwa kufunguliwa 2030.

Nataka kwenda Riyadh 2030. Nifanye nini?

Inaanza Oktoba 1, 2030 hadi Machi 31, 2031, sehemu kubwa ni majira ya ubaridi, kwa hiyo miezi mingi joto la Osaka halitawahusu, ila Oktoba bado kuna joto. Kwa ndugu zetu wa Oman na Ghuba yote ni safari ya jirani. Nenda mwezi uleule wa ufunguzi, kabla watu hawajaanza kusimuliana. Chagua banda moja kubwa, moja tu, ulingoje kwa moyo mmoja, siku iliyobaki tembea kwenye kumbi za nchi ndogo. Viatu ulivyokwisha kuvizoea. Betri ya simu ya akiba. Na kigoda.

Kigoda cha mama mdogo mlinunua wapi? Bado kipo?

Duka la vitu vya kambi, hapa Kobe, sikumbuki hata bei. Alikataa kuniachia. Kilipita uwanja wa ndege kwenye begi la mkononi baada ya mabishano, na sasa kiko Tanga, barazani, anakikalia akichambua mchicha. Wiki iliyopita alinipigia kuniambia shoga yake amekiazima kwenda nacho kliniki.